Gundi ya Kibuyu cha Bibi Gaudensia

Mikono hii haijawahi kuvunja kitu. Muulize mtu yeyote hapa kijijini kwetu, atakuambia: Baltazari akipakia trei ya mayai kwenye bodaboda, barabara ya mawe, mvua inanyesha, mayai yatafika Mbulu mjini bila hata moja kujua kwamba limesafiri. Na jambo la pili: sijawahi kukamatwa nikisema uongo. Nimemaliza kidato cha nne, najua kupanga hoja.

Mikono hiyo ilikaa na sifa zake mpaka Jumatatu, saa nne asubuhi.

Nilikuwa peke yangu jikoni. Mama yuko shambani, ameniachia simu yake, kitochi cha siku nyingi ambacho kitufe chake chekundu kimechakaa. Ukitaka kukata simu unabonyeza mara mbili, na ile ya pili unabonyeza kama unaua kupe. Simu ikaita. Alikuwa Bibi Gaudensia, yuko hospitali wiki ya tano sasa, tangu alipoteleza zizini akavunjika nyonga.

Nyonga ilikuwa inaunga vizuri. Kilichotutisha ni chakula. Kila Mama akipiga simu anaambiwa Bibi amekula vijiko viwili, leo vitatu, jana hakugusa. Bibi huyu huyu aliyekuwa anamaliza sahani ya makande kabla mimi sijapuliza ya kwangu, sasa alikuwa anaisha kama kipande cha sabuni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Jumamosi wananiruhusu. Mwambie mama yako."

"Tunakupikia nini, Bibi? Kuku?"

"Kuku kamle wewe. Mimi nataka maziwa ya kibuyu changu. Hapa chakula hakipiti, kinafika kooni kinageuka. Maziwa yale yatapita. Lakini yawe ya kibuyu changu, umesikia? Yakiwa na harufu nyingine msinipe."

"Nimesikia, Bibi. Pona haraka."

Nikabonyeza kitufe chekundu, nikaiweka simu kwenye rafu, nikainua macho kukitazama kibuyu.

Kilikuwa kinaning'inia ukutani kwa mkanda wake wa ngozi. Bibi alikuja nacho alipoolewa. Ndani kimefukizwa moshi wa mzeituni pori miaka yote hiyo mpaka kimekuwa cheusi kama tako la sufuria, na maziwa yakigandia mle yanatoka na ladha ambayo hata ukinunua ng'ombe kumi huipati kwenye ndoo. Hakuna anayeruhusiwa kukigusa ila Bibi na Mama.

Basi nikakigusa.

Nilikishusha, nikakishika mbele ya mdomo kama kipaza sauti, nikaanza kumwiga mwenye nacho. "Baltazariii! Umefunga ndama? Baltazariii! Hiyo suruali mbona inaanguka, kiuno umekiuza?" Naiga sauti, naiga na mwendo, mkono mmoja kiunoni. Nikageuka kwa madaha. Mkanda, ulionona kwa siagi ya miaka mingi, ukateleza.

Kibuyu hakivunjiki kwa kelele nyingi. Kilisema "ko", mara moja, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Nilipokiokota, ubavuni kulikuwa na tundu la kuingiza ngumi, na kipande chake kiko chini ya benchi.

"Yesu na Maria! Kibuyu cha Bibi! Nimekwisha!"

Nikatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu ila paka wetu, ambaye tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hufika kila nyumba saa ya chakula. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mwenyekiti, sikiliza. Ni wewe. Uliruka kutoka darini ukakipiga teke. Mimi nilikuwa nje nachambua maharage. Sema ndiyo."

Mwenyekiti akapiga mwayo, akatoka.

Nilichukua supaglu ninayogundishia viatu. Nikapaka, nikabana kwa vidole, nikahesabu mpaka mia moja. Kipande kilishika kidogo, kidole gumba na cha shahada vilishika kabisa. Nilipotia maji kujaribu, yalichuruzika kwenye ufa, na ndani kulinuka kama gereji. Nikamkumbuka Bibi: yakiwa na harufu nyingine msinipe. Nikakibandua kile kipande, nikakwangua gundi yote kwa kisu, nikakificha kibuyu ndani ya debe la mahindi.

Jumanne nikapanda bodaboda mpaka mjini, vidole viwili vimegandana kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi asiouona. Nilikwenda dukani kwa Idrisa, anayeuza misumari, rangi, mabomba na kila aina ya gundi.

"Idrisa, nipe gundi ya kuunga chombo. Sio changu, rafiki yangu amevunja."

Idrisa akatazama vidole vyangu. "Pole yake huyo rafiki. Naona mmegawana maumivu."

Akachukua kitambaa chenye mafuta, akaanza kunisugua vidole huku akinihoji kama daktari. "Chombo chenyewe cha nini?"

"Kibuyu. Cha maziwa."

"Hii nyeupe ni ya mbao, ikilowa inalegea. Hii ya mabomba ya plastiki, kibuyu sio bomba. Hii ya mirija miwili, ya kuchanganya, inashika hata bati. Lakini soma hapa, wewe si umesoma?"

Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa isitumike mahali panapogusa chakula.

"Nani atakunywa hayo maziwa?" akauliza.

"Bibi. Anatoka hospitali Jumamosi."

Idrisa akarudisha mirija yake kwenye rafu. "Mimi mfanyabiashara, napenda kuuza. Lakini gundi ya kumnywesha mgonjwa, kwangu huipati. Nenda kwa Shumbana pale sokoni, yule wa kule bondeni Yaeda Chini anayeuza asali. Mwambie akupe nta."

Wakati huo vidole vikaachana. Ngozi kidogo ilibaki kwa Idrisa.

Shumbana alikuwa amekaa nyuma ya madumu yake ya asali, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye macho ya kucheka kabla ya mdomo. Nilipomweleza alipiga makofi.

"Nyie watu wa juu! Mmesoma mpaka kibuyu mnakipeleka duka la misumari!"

"Nipe nta, kaka, acha hotuba."

"Nakupa. Lakini nta inaziba tu, haishiki. Kwanza toboa matundu pembeni ya ufa, shona kwa ukanda wa ngozi, kisha ndio uzibe. Uzi unashika, nta inazuia maziwa. Na nikuulize: hicho kibuyu kinapata moto?"

Hapo ndipo elimu yangu iliponisimamisha kifua mbele. "Kaka, umeona wapi maziwa yakichemshiwa kwenye kibuyu? Ni chombo cha baridi hicho."

Shumbana aliniangalia kidogo. "Haya. Wewe ndiye mwenye kibuyu."

Nyumbani niliyeyusha nta nikaziba. Kushona niliacha, kushona kwenyewe ni kazi ya nusu siku, na nta ilishika vizuri mno. Nikajaza maji, hakuna tone lililotoka. Nikanusa: harufu ya asali kwa mbali, tamu, isiyo na ubaya. Nikakitundika upande mzima ukitazama watu, nikajisifu kimoyomoyo.

Jumatano Bibi akapiga.

"Kibuyu changu hakijambo?"

"Hakijambo, Bibi, kinakusalimia."

"Na paka naye?"

Nikashangaa. Bibi hajawahi kumjulia hali paka tangu azaliwe, Bibi wala paka. "Naye hajambo," nikasema.

"Vizuri. Leo nimekula ugali nikamaliza." Akakata. Nikasema kweli nyonga imepona, sasa inapanda kichwani.

Alhamisi jioni Mama akaniambia, "Nenda kakamue, natayarisha kibuyu cha Bibi." Nilirudi na maziwa nikamkuta amekipakata kibuyu mapajani. Mkononi ameshika kijinga cha mzeituni pori, chekundu kwa moto. Kabla sijafungua mdomo alikitumbukiza ndani, akaanza kutikisa, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya kila siku kabla ya kutia maziwa, kama nilivyoona tangu natambaa, kama mjinga yeyote anavyojua isipokuwa yule anayemwambia muuza asali kwamba kibuyu ni chombo cha baridi.

Nta ikaanza kulia machozi. Kipande kikalegea, kikateleza, kikaangukia kwenye kanga ya Mama. Moshi ukatoka ubavuni.

Mama akatazama tundu, akanitazama mimi.

"Paka," nikasema.

"Paka?"

"Aliruka kutoka darini, Mama. Mimi nilikuwa nje nachambua maharage."

"Na hii nta, paka aliinunua kwa nani?"

Swali hilo sikuwa nimelipangia hoja. "Nta ni mimi. Nilikuwa namsaidia."

Mama, jina lake Oliva, sio mtu wa kupiga kelele. Akikasirika anashusha sauti, na hapo alishusha mpaka ikawa ya kanisani. "Baltazari. Mama mkwe wangu hajala mwezi mzima. Kitu kimoja tu ameomba. Kimoja."

Nilitazama kile kipande kwenye kanga yake, kidogo kama kiganja, nikaona vijiko viwili vya hospitali, vitatu, jana hakugusa.

"Shumbana alisema nishone kwanza," nikasema. "Sikushona. Ila nta bado ninayo."

Mama akainuka, akashusha kutoka darini kipande cha ngozi ya mbuzi, akanitupia kisu. "Kata mkanda mwembamba. Mwembamba, nimesema, hufungi punda."

Tulikaa karibu na mlango, mwanga ulikuwa bado upo. Mama alitia msumari kwenye makaa, akatoboa matundu kuzunguka tundu na pembeni ya kipande, pole pole, mmoja akishika na mwingine akitoboa. Mimi nikashona. Mshono wa kwanza alinifumulisha. Wa pili pia. Wa tatu alisema "mmh", na kwa Mama hiyo ni kama cheti.

Nikachukua nta. Akanishika mkono.

"Ngoja. Ukiziba sasa, nitafukiza saa ngapi?"

Ndipo nikaelewa kwamba tatizo halikuwa gundi gani peke yake, ni gundi lini. Akafukiza kwanza, moshi ukitoka kwenye kila tundu la mshono mpaka kibuyu kikaonekana kama kinavuta sigara. Akakung'uta majivu, akakiacha kipoe kabisa. Halafu ndio nikaziba nta kwenye mshono, ndani na nje, nikalainisha kwa kidole gumba. Tukatia maziwa. Tukasubiri, tumeinama wote wawili, vichwa vinakaribia kugongana. Hakuna tone.

"Bibi akiuliza?" nikanong'ona.

"Utamjibu wewe," Mama akasema. "Wewe na paka wako."

Jumamosi saa sita gari likamleta Bibi. Amekonda, ana gongo jipya, lakini aliposhuka alikuwa ameshaanza kulalamika kuhusu nyasi za uani, nikajua tumempata. Tukamwamkia, akaitikia, akaketi kwenye kiti chake. Mama akaleta kibuyu na kikombe kikubwa.

Bibi hakupokea kikombe kwanza. Alipokea kibuyu. Akakigeuza, akapitisha kidole juu ya mshono, tundu moja baada ya jingine, akanusa mdomoni. Mimi nilikuwa nahesabu mbavu zangu. Kisha akaashiria amiminiwe, akanywa.

Akashusha. Akanywa tena. Akamaliza, akanyoosha kikombe mbele.

"Ongeza."

Mama alimimina huku ameuma mdomo, nikaona jicho lake moja linang'aa. Bibi akamaliza na cha pili, akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono.

"Maziwa ni yale yale," akasema. "Na mshono ni mzuri. Kimepatwa na nini?"

Mama akaangalia paa. Nikakohoa, nikasimama kama niko kwenye mdahalo wa shule.

"Bibi, ni huyu paka. Wewe unamjua Mwenyekiti, hana breki. Nilikuwa kwenye shughuli zangu, mara nasikia kishindo..."

"Kishindo? Sio ko?"

"Ko, Bibi. Ndiyo. Ko." Nikaendelea, japo masikio yalianza kupata moto. "Nikakimbia ndani, nikakuta..."

"Oliva," Bibi akanikata kauli, "ile simu yako, kitufe chekundu, siku hizi kinabonyezwa mara ngapi?"

"Mara mbili, Mama. Kimechakaa."

"Mara mbili," Bibi akasema, akanigeukia taratibu. "Wodini kwetu sikio langu ni zito, kwa hiyo Judica wa kitanda cha pili huniwekea spika. Jumatatu saa nne tulisikiliza watu sita na nesi. Nilicheka mpaka nesi akanishika nyonga isifunguke. Mchana huo ndipo nilipoanza kula."

Nikatafuta pa kuweka mikono yangu. Mwenyekiti, aliyekuwa amefika kwa sababu ya maziwa, alikaa katikati yetu akitazama kikombe.

Bibi akaweka mkono kiunoni, akaibana sauti mpaka ikawa yangu hasa, hata ule mkwaruzo wake: "'Uliruka kutoka darini ukakipiga teke. Mimi nilikuwa nje nachambua maharage. Sema ndiyo.'"

Akainama kidogo juu ya gongo lake, akanitazama machoni.

"Sasa niambie, Baltazari. Paka alisema ndiyo?"