Enesi na Moshi wa Foleni

Enesi alikuwa akiuza wali na maharage kando ya barabara ya Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Zambia. Madereva wengi hawazimi injini, maana foleni husogea kidogo kidogo na anayezubaa hupitwa. Kwa hiyo Enesi alipika, akapakua na kuosha vyombo ndani ya moshi wa dizeli, mwaka baada ya mwaka. Pumu ilipomwanza, alinunua dawa ya kuvuta, akaendelea na kazi. Baba yao alishafariki, na ni yeye aliyemsomesha mdogo wake, Ikupa, mpaka akafika Dar es Salaam kuchukua shahada ya pili ya kemia.

Mwezi wa Juni mama yao alipiga simu kutoka Mbozi kusema Enesi amelazwa huko huko. Ikupa alipanda basi. Alimkuta dada yake ameegemea mito, amewekewa oksijeni, maneno yakimtoka kwa shida. Siku iliyofuata alipata nafuu, akataka wazungumze. Alitaka kujua huko chuoni Ikupa anafanya nini hasa, maana wateja humwuliza naye hana la kuwajibu.

Ikupa akamweleza kwamba kwenye moshi wa dizeli mna gesi iitwayo oksidi ya nitriki, na kwamba inaumiza mapafu. Amonia nayo ni kali, ndiyo ile inayowasha macho ukiingia banda la kuku. Lakini zote mbili zikitua juu ya madini ya platini yenye moto, huvunjika. Nitrojeni iliyomo katika gesi hii hushikana na iliyomo katika ile, na vilivyobaki vinaungana kuwa maji. Platini yenyewe haipungui. Kazi ya Ikupa ni kutafuta joto linalofaa, kwani likikosewa hutoka gesi nyingine isiyotakiwa.

"Hiyo nitrojeni haina madhara?" Enesi aliuliza.

"Haina, dada. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni hiyo."

"Na malori yana kitu kama hicho?"

Ikupa aliangalia chini. Akasema mengi ya yale mapya hutoka kiwandani na mtambo wa namna hiyo, lakini yanayopita Tunduma mengi ni ya zamani, na kwa mengine mtambo ukiharibika hung'olewa tu.

Enesi akafumba macho. "Basi wewe soma, mdogo wangu. Umalize."

Kesho yake mchana kifua kilimbana tena, akazimia. Wauguzi walihangaika naye, lakini hakuzinduka. Mama aliporudi na chupa ya uji, alimkuta Ikupa amesimama nje ya wodi, akajua bila kuambiwa.

Walimzika Mbozi, jirani na mibuni ya baba yao. Baada ya matanga Ikupa akaenda Tunduma kuchukua masufuria ya marehemu. Alimkuta Conjesta, mama mmoja kutoka Momba, ameshawasha jiko mahali pale pale. Conjesta akampa pole, akamwonyesha vyombo, vyote vimeoshwa. Ikupa akamsihi ahamie upande upepo unakotokea, mbali na malori.

"Nimekuelewa, mwanangu," Conjesta alisema. "Ila huko madereva hawafiki."

Ikupa aliketi kwenye benchi akalia, jambo ambalo hakulifanya hata kaburini. Conjesta akaacha upawa, akaja kukaa naye. Madereva wakangoja.