Koti la Marehemu Kwenye Benchi

"Mama Isimbi, we unapanda meli kila mwezi. Mutu anafanya nini asitapike?" jirani yangu Uwamariya aliniuliza.

Nikamwambia akae ndani, katikati, atazame milima, na awahi kutandika kitenge kwenye benchi, maana mahali palipotandikwa hapaguswi.

Tulipokwenda mji wa Kibuye kwa meli alichelewa, mabenchi yakajaa. Kando yangu nilikuwa nimetandika koti la marehemu mume wangu, kama kila safari. Ziwa na mawingu vilikuwa rangi moja, rozari inatembea vidoleni, nami nikamsikia mzee wangu akipumua pale penye koti lake.

Uwamariya akaja akiyumba, mkono mdomoni.

"Mama Isimbi, hapa iko mutu?"

"Iko," nikasema.

Akatazama koti, kisha uso wangu, akatoka nje kwenye upepo.