Upinde Uliogeuzwa na Dua

Nina miaka hamsini na saba, na vyeti vyangu ni viwili tu: cha kuzaliwa na cha ndoa. Cha kwanza sikukisomea. Cha pili, wifi yangu husema nilikipata kwa upendeleo, maana siku hizo kaka yake alikuwa haoni vizuri. Ndiyo sababu nilipojiunga na darasa la jioni la kutengeneza pinde za mbao, nilimwambia Mungu waziwazi: hiki kimoja nakitaka kwa jasho langu.

Wifi alijiunga pamoja nami, akafaulu mara ya kwanza. Upinde wangu mimi ulivunjika vipande viwili mbele ya darasa zima, na sheria ni kwamba ukishindwa mara mbili unampisha mwingine. Kwa hiyo upinde wa pili ulikuwa wa kufa na kupona. Ulitakiwa uvutwe hadi inchi ishirini na nane, mizani isome ratili thelathini au zaidi, kisha mwenyewe niuvute kwa mikono yangu mara tatu.

Karakana yetu iko nyuma ya duka la rangi. Ukutani kuna nguzo ya kupimia. Unaupachika upinde pale, unavuta ugwe, ule uzi wa upinde, kwa kamba, halafu unasimama mbali kidogo na kutazama jinsi mikono yake miwili, wa juu na wa chini, inavyopinda. Ulio mgumu unaukwaruza kidogo kwa kipande cha chuma, unaurudisha nguzoni, unatazama tena. Kazi yote ni hiyo, na haina haraka. Mbao ukishaiondoa hairudi.

Nami nilikuwa na utaratibu wangu. Kabla ya kila kukwaruza nauweka upinde mezani, nafumba macho, naomba.

"Wifi," aliniambia wifi yangu, "kwa dua hizi, Mungu mwenyewe atakuomba upumzike."

"Niache. Wako haukuombewa, ndiyo maana unalia kama mlango wa choo."

"Unalia, lakini una cheti."

Jumanne moja fundi wetu, kijana wa rika la mwanangu wa pili, alinionyesha kwamba mkono wa chini ulikuwa mgumu. "Kwaruza mara ishirini tu, mama. Usizidishe."

Nikaomba, nikakwaruza mara ishirini, nikaurudisha nguzoni. Ajabu! Mkono wa chini ulionekana mgumu kuliko mwanzo. Nikaomba kwa bidii zaidi, nikakwaruza ishirini nyingine. Mambo yakaharibika zaidi. Mara ya tatu niliomba hadi machozi yakanilengalenga, nikakwaruza tena ishirini, na nilipouvuta, mkono wa juu ukajikunja kama ndoano na wa chini ukabaki umenyooka kama fimbo.

Fundi akaja, akainamisha kichwa, akautazama upinde.

"Mama, alama ya penseli ya mkono wa juu iko wapi?"

"Niliifuta kwa msasa. Ilikuwa inachafua mbao."

"Na ukiomba, upinde unauweka wapi?"

"Mezani."

"Ukisema amina, unaanza kukwaruza ncha ipi?"

Hapo ndipo nilipong'amua. Nguzoni upinde haukosei, kwa kuwa mshiko umechongwa ukae kwa namna moja tu. Lakini mezani nilikuwa nachukua ncha yoyote iliyonielekea, na mara zote tatu ilikuwa ya juu. Nilikwaruza mkono dhaifu mara sitini, nikimwomba Mungu aubariki ule mwingine.

Wifi alicheka hadi akashika meza. Kisha akaniona uso, akanisogezea kiti.

"Sasa nifanyeje?" nilimuuliza fundi.

"Kwanza tulinganishe mikono yote miwili. Utakuwa mwepesi, kama ratili ishirini na sita. Halafu tukate inchi moja na nusu kila ncha. Upinde mfupi una nguvu zaidi, lakini mbao nayo inabanwa zaidi. Unaweza kuvunjika."

"Nisipokata?"

"Hautavunjika. Ila hautafaulu."

Nilitazama ule upinde niliouhangaikia wiki tisa. Nilijua wazi kwamba nikiuacha ulivyo, utaning'inia sebuleni na wageni watausifu. "Lete msumeno," nikasema. Halafu mazoea yakanishika, nikataka kuuweka mezani.

"Lete huku," wifi akasema, akaukumbatia kifuani. "Wewe omba. Mimi nimeshika mkono wa juu, hauendi popote."

Safari hiyo sikuuombea upinde. Niliomba nisiwe mwoga, basi.

Tukakata. Wiki nzima nilichonga nchani mikato mipya ya kunasia ugwe, nikapiga msasa, nikapaka mafuta, na alama ya penseli nikaiacha mahali pake hadi mwisho. Jumanne iliyofuata fundi akaupachika nguzoni na kutundika mizani. Akavuta polepole. Inchi ishirini. Ishirini na nne. Mbao ikalia kidogo kwenye mshiko, roho yangu ikawa mkononi. Ishirini na nane.

"Thelathini na moja," akasema fundi.

"Rudia," akasema wifi.

"Thelathini na moja, dada."

Zamu yangu ikafika. Nikavuta mara ya kwanza, nikarudisha taratibu. Mara ya pili. Mara ya tatu, ugwe ulipofika shavuni, pakasikika *ka!* Wifi akafunika macho kwa viganja.

"Umevunjika?" akauliza.

"Upinde mzima," nikajibu, bado nimeuvuta. "Lililolia ni bega langu."

Kicheko kilichofuata kilimleta mwenye duka la rangi akiwa na brashi mkononi. Fundi alikuwa ameshaketi na karatasi ya cheti mbele yake. Akafungua kalamu, akaniuliza jina langu kamili.

Nilisimama wima kama mtoto wa shule, nikalitaja lote, langu, la baba, la babu, na la baba yake babu.

"Wifi," akaninong'oneza wifi, "karatasi haitatosha."

"Itatosha," nikamwambia. "Aandike herufi ndogo."