Bwawa la Mwenyekiti Elikana

Bi Yunisi, mjumbe wa kamati ya mtaa pale Ujiji, alishasikia upuuzi wa kila namna, lakini wa siku hiyo ulitia fora. Katika kikao cha kamati, Mwenyekiti Elikana alitaka mkutano wa mtaa uombwe kupiga kura ili kila kaya ichangie bwawa la kuogelea. Bwawa! Na Ziwa Tanganyika lile pale, linaonekana dirishani.

"Mji wa kisasa una bwawa," alisema mwenyekiti, tai imemkaba shingo.

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Asubuhi nzima wakabishana kama vigae viwe vya bluu au vyeupe, na jina la nani liandikwe getini. Suala la maji hakuna aliyeligusa. Yunisi aliwatazama tu, akisonya kimoyomoyo.

Ukaletwa ugali na migebuka, samaki wa ziwani, ya mchuzi. Birika la kunawia lilianzia mlangoni, na lilipomfikia mwenyekiti likadondosha matone, likakauka.

"Ongezeni maji!" akaamuru, mikono ikining'inia hewani.

"Mabomba hayajatoa tangu wiki iliyopita, mzee," akajibu mama aliyepika.

Yunisi, aliyekwisha kunawa, akamega tonge, akalichovya, akatafuna bila haraka.

"Hilo la bwawa tuwapelekee wananchi, mwenyekiti, mimi naunga mkono," alisema. "Ila teremka kwanza ziwani ukanawe. Na ukipanda, uje na ndoo kichwani, iwe ya kwanza kulijaza."