Kadi Kutoka Açores

Mwanzi tulikuwa nao mmoja tu, na Ussene aliliona hilo kabla yangu. Alisimama mchangani pale kisiwani Rongui, maji yanamchuruzika miguuni, akaukagua mwanzi kuanzia shinani mpaka nchani, nilikofunga waya wa antena.

"Sasa shemeji, kanga utaipandisha wapi?"

"Hapo hapo. Nikisikia meli, nashusha waya, napandisha kanga. Dakika mbili."

"Dakika mbili zako nazijua," akacheka. "Ukishashika hayo madude yako, hata ukiitwa kula husikii."

Akanitupia kanga nyekundu begani, akasukuma mashua, akaenda kutega jarife, ule wavu wake mrefu wa papa, upande wa nje wa kisiwa, mahali ambapo mwanzi wangu ungeonekana. Kanga ilikuwa ya mkewe, Zainabo, dada yangu wa tumbo moja.

Nieleze nilivyofika huko, maana watu wa kwetu Palma mpaka leo wanadhani nilikuwa na wazimu, nami sina nguvu ya kuwabishia. Mimi ni fundi wa redio. Za watu natengeneza ili nile. Za kwangu ni mapenzi tu. Ninayo leseni kutoka Maputo, yenye herufi za kuniitia hewani, na mtambo nilioununua mbovu nikaufufua mwenyewe. Unaita, mtu usiyemjua anaitika kutoka upande wa pili wa dunia, mnaulizana majina na hali ya hewa, basi. Kisha kila mmoja anamtumia mwenzake kadi kwa posta kuthibitisha kwamba kweli mlisikizana: tarehe, saa, dakika.

Ndiyo maana ukutani kwangu kuna saa mbili. Moja ya nyumbani, na ya pili ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa mbili kamili. Sisi watu wa redio wote tunaandika kwa hiyo ya pili, ili Mjapani na Mmakonde wasigombane. Zainabo ndiye aliyenitundikia, amepanda juu ya kiti, misumari mdomoni. Aliposhuka akasema, "Watu wana saa moja na wanawahi msikitini. Wewe kaka yangu una mbili, na Ijumaa bado unaingia wa mwisho."

Sasa, wenzangu wa hewani wanavisaka visiwa. Kisiwa ambacho hakijasikika miaka na miaka ukikitaja tu, watu wanagombania kukuitikia. Na Rongui iko hapo tu, karibu na kisiwa cha Vamizi! Nilipanga safari ile miezi minane. Betri ya gari, waya, madumu ya maji, muhogo wa kukaanga, daftari na penseli mbili. Nilikuwa nalala na orodha chini ya mto.

Lakini mwaka ule ndio gesi ilikuwa imeanza kutajwa kila kona, na bahari haikuwa ile tuliyoizoea. Meli za utafiti zilipita zikiburuta nyaya ndefu nyuma yake, kilomita kadhaa. Wavu ukinaswa, umekwenda. Ussene hakutaka kwenda upande wa nje wa kisiwa, na Zainabo hakutaka hata kusikia. Nikawaambia mimi ninayo redio ndogo ya mkononi inayosikia meli zikitangaza njia yake, kwa Kireno, nami Kireno nakijua. "Nyinyi nipelekeni tu. Mimi nitakuwa macho yenu." Kwa neno hilo Ussene akakubali, na Zainabo akaenda ndani kuleta kanga ya kumpa mumewe ishara.

Basi asubuhi ile nilikuwa nimeshaongea na watu kumi na mmoja, moyo unanidunda, ndipo akaingia hewani Armando. Mzee, mstaafu wa posta huko visiwa vya Açores, kwa Wareno, sauti yake inakuja na kuzama. Yeye pia mtu wa kisiwani. Alikuwa anaanza kunisimulia habari za marehemu mkewe wakati ile redio ndogo iliposema, "Atenção, atenção, todas as embarcações." Meli inageuka, inakuja upande wetu, vyombo vyote viondoke.

Ilikuwa saa nne kamili. Nikainua macho. Meli ilikuwa nyeupe, mbali, ndogo. Nikasema moyoni, acha mzee amalize sentensi.

Wallahi nilisema sentensi moja tu. Lakini mzee aliongea, nami nikamjibu, akaongea tena, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Tulipoagana niliandika dakika, kama ilivyo desturi yetu. Kisha nikashusha waya, nikafunga kanga, nikasimamisha mwanzi.

Mashua ya Ussene ilikuwa inakwenda kinyumenyume. Tanga limeshushwa, upepo haupo, na mashua inakwenda kinyumenyume kama ng'ombe anayevutwa mkia. Jarife alikuwa amelifunga nyuma, na nyaya za meli zimelinasa. Nilimwona anainama na kisu. Nikapiga kelele, nani wa kunisikia? Mashua ikazama nyuma, ikapinduka, na sikumwona tena. Watu wa Namoto waliuokota mwili wake siku ya tatu.

Matangani walikuja bwana mmoja wa meli na mtu wa serikali. Wakaniuliza mbele ya watu, mbele ya dada yangu: nilisikia tangazo saa ngapi? Nikasema saa nne. Na kanga nilipandisha saa ngapi?

"Saa nne hiyo hiyo," nikasema. "Papo hapo."

Watu wakamgeukia yule bwana wa meli wakamfokea kwamba meli yao ilikuja mbio mno. Mimi nikakumbatiwa. Niliporudi nyumbani nilitia daftari jikoni, nikalitazama likiungua.

Sikufikiri kwamba Armando naye analo lake.

Kadi ilifika mwezi wa tano baada ya msiba. Zainabo ndio kwanza ametoka eda, akapitia posta kwa shughuli zake, wakampa anifikishie. Alikaa kwenye kiti changu cha kazi, akaisoma. Kireno anakijua kuliko mimi.

"Zero nane, arobaini na moja," akasema. "Saa mbili hiyo. Kumbe ulikuwa umeshamaliza mapema, kaka."

"Ndiyo," nikasema.

Akaigeuza nyuma, akasoma mwandiko wa yule mzee: "Asante, rafiki, kwa kutoniacha katikati ya maneno."

Akaishusha kadi pajani. Kisha akainua uso ukutani, kwenye misumari aliyoipigilia mwenyewe. Akaitazama saa ya nyumbani, akaitazama ile nyingine. Niliona midomo yake ikitikisika, anajumlisha mbili na mbili: saa nne, dakika arobaini na moja.

Akaiweka kadi mezani polepole.

"Kanga yangu iko wapi?"

Nikamletea. Akaikunja mara nne, akaikumbatia kifuani, akatoka.

Mpaka leo hajamwambia mtu. Kila Idi ananiletea sahani yangu, wali na samaki, imefunikwa vizuri. Anaiweka chini mlangoni, anabisha hodi mara moja, na nikifungua huwa ameshaondoka.