Ugonjwa Ulioshangiliwa

Kaka yangu Denzil ameua sungura wengi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na mimi niliporudi kuishi naye shambani nilirudi na sungura mapajani.

Nilikuwa nimefiwa na mume wangu, Colin, na nimestaafu kazi ya kufua mashuka ya hospitali kule Adelaide, kazi niliyoifanya miaka thelathini na moja. Denzil hakuwahi kuoa. Alikuwa peke yake katika nyumba ya mawe aliyotuachia baba, nje ya mji wa Moonta, shayiri pande zote. Akanipigia simu. "Vyumba vinne, mtu mmoja," akasema. "Njoo, Avis, kabla sijaanza kuongea na friji."

Nilipofika alikuja kunipokea mizigo, akasimama katikati ya uwanja.

"Hicho ni nini?"

"Anaitwa Pasti."

"Avis. Umeniletea sungura? Hapa? Si bora ungeniletea mwizi, nimtandikie na kitanda!"

Pasti alikuwa wa kijivu, masikio yamelala, na akijikunja alifanana kabisa na zile pasti za nyama na viazi alizokuwa akioka bibi yetu. Nilimpata kwa mwenzangu wa kazini wiki ile Colin alipozikwa. Sina haja ya kusema zaidi. Mwenye kuelewa ameelewa.

Denzil alimwekea kizimba kwenye baraza ya nyuma huku akinung'unika. Lakini kufika majira ya baridi nilimfuma asubuhi moja amepiga lile goti lake bovu, anamlisha kipande cha tufaha kwa vidole.

"Natafuta kofia yangu," akasema.

"Ndani ya kizimba?"

"Kofia huenda popote."

Lazima niseme jambo moja kuhusu nyumba tuliyokulia. Kila Krismasi, tukishakula, baba alisimulia mwaka ambao mikso ilifika. Hilo ndilo jina letu la ule ugonjwa unaoua sungura. Jina refu la kitaalamu wanalitaja madaktari tu. Kabla ya hapo sungura walikuwa wamekula shamba lote hadi kubaki udongo mtupu, na benki ilikuwa mlangoni. Baba alikwenda kuchukua sungura wawili wagonjwa, akawaleta kwenye gunia, akawaachia katika mashimo ya kule kilimani. "Wiki tatu," alikuwa akisema, "harufu ikafika barabarani, na mama yenu akatoka nje akaimba." Sisi watoto tulipiga makofi. Nilikua nikiujua ugonjwa ule kama watoto wengine wanavyoijua mvua.

Mwaka huo mvua zilikuwa nyingi. Shayiri ilisimama hadi kiunoni, mbu wakawa wengi, na sungura wa porini wakazaana hadi unawaona mchana. Jioni Denzil alitoka na bunduki. Sikumlaumu. Nilikuwa nikiongeza sauti ya redio tu nisisikie milio.

Jumatatu ya kwanza ya Novemba niliona ukope wa kushoto wa Pasti umevimba kidogo. Nikadhani ni vumbi la mavuno. Kesho yake kope zote mbili zilikuwa zimevimba, usaha umezigandisha, na midomo imekuwa minene kama iliyoumwa na nyuki. Nikamfunga kwenye taulo nikaendesha hadi Kadina kwa daktari wa wanyama.

Ilikuwa Jumanne ya Kombe, siku ya mbio kubwa za farasi. Msichana wa mapokezi alikuwa amewasha redio, farasi wanakimbia kule Melbourne, na watu wawili wenye mbwa wanapiga kelele. Daktari Wijeratne aliniita ndani akafunga mlango. Ni kijana, wazazi wake walitoka Colombo, na ana mikono ya taratibu. Alipapasa chini ya masikio, akainua mkia, akaangalia, akaushusha.

"Ni mikso, mama Avis."

"Dawa yake?"

"Haina. Naweza kutibu yanayofuata, mapafu na vidonda. Virusi vyenyewe, hapana."

"Na chanjo? Mbona ile ya ugonjwa mwingine uliniambia nimchanje, nikamchanja?"

"Ya hii ipo Ulaya. Huku hairuhusiwi. Wanaogopa kinga isije ikawafikia wale wa porini."

"Kwa hiyo huyu afe ili wale waendelee kufa."

"Sheria sikuitunga mimi, mama." Alivuta kiti akakaa, macho yetu yakawa sawa. "Angekuwa wangu, ningemdunga sindano ya kumpumzisha leo. Sasa hivi. Wanaopona ni wachache sana, na wasiopona hawafi vizuri."

"Wachache, lakini wapo."

Kisha akaandika dawa. Akaniambia nimweke mahali pa joto sana, kwa kuwa joto hukisumbua kile kirusi, nimkinge na mbu, nimsafishe macho mara nne kwa siku, nimlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Nje, farasi wa mtu alikuwa ameshinda.

Nilimhamishia chumba cha kufulia. Nikatundika neti, nikawasha hita ingawa nje jua lilikuwa linapasua mawe, nikawa ninaingia na nguo nyepesi kama mtu aendaye kuogelea. Chakula chake cha punje nilikiloweka, nikakiponda na boga, nikamsukumia kidogo kidogo pembeni ya mdomo. Nusu ilirudi. Niliyalainisha macho kwa pamba na maji ya chumvi ya vuguvugu mpaka yale magamba yalipoachia, na ndani sikuona jicho, niliona wekundu tu. Vitambaa nilivichemsha. Kazi ya vitambaa vya wagonjwa ninaijua kuliko yoyote.

Siku ya tano kichwa chake hakikuwa tena kichwa cha sungura. Kilikuwa na nundu, kipana, kama cha simba mdogo. Harufu ilipita chini ya mlango. Mkate uliisha, ikabidi niende mjini.

Pale dukani kwa mwoka mikate alikuwepo Lance Hocking, jirani wa upande wa kaskazini, na wazee wengine wawili wa klabu ya matufe, ule mchezo wa kubingirisha mipira kwenye nyasi, wamevaa nyeupe.

"Avis! Umesikia?" Lance akasema. "Mikso imeshika upande wa Paskeville. Wamekaa barabarani vipofu, unawapitia tu na tairi, pwa, pwa!"

"Mwaka mzuri huu," mzee mmoja akasema. "Mvua, na bado mikso."

"Mwambie Denzil apumzishe bunduki," Lance akasema, na yule mama muuzaji akacheka huku akinifungia mkate.

Wote walikuwa wananitazama, wanasubiri.

"Ndiyo," nikasema. "Mwaka mzuri."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu. Nikaenda kukaa garini, mkate wa moto mapajani, na ilinichukua muda kuweza kuwasha gari.

Siku ya nane Denzil alitoka kwenye mashine ya kuvunia saa sita mchana, jambo ambalo hafanyi wakati wa mavuno. Akasimama kwenye mlango wa chumba cha kufulia, vumbi la shayiri limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Nimmalize, Avis. Nitafanya haraka. Hatasikia kitu."

"Ondoka."

"Unamtesa."

"Denzil, nimesema ondoka."

Hakuondoka. Aligeuza ndoo akakaa juu yake, akavua kofia.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Mwisho wa Oktoba nilipiga sita kule kwenye rundo la mawe. Mmoja hakukimbia. Nikamsogelea, nikaona macho yake yamekuwa hivyo." Akaashiria kwa kidevu, bila kumtazama Pasti. "Nilijua ni nini. Nikawatupa wote nyuma ya pikapu, nikaja kuegesha barazani, pembeni ya kizimba, maana kulikuwa na kivuli. Nikaingia kula. Viroboto wenye ugonjwa huhama mwili ukipoa, Avis. Hata mtoto wa huku anajua."

"Ulimwona na macho hayo."

"Nilimwona."

"Ukaja ukala chakula nilichopika, hukuniambia."

"Nilifurahi," akasema. "Hilo ndilo jambo lenyewe. Nilimwona nikafurahi. Nikasema, afadhali, imefika. Nikamkumbuka baba. Huyu wako hakunijia kichwani hata kidogo."

Nilitafuta la kumwambia. Yalikuwepo mengi, nilikuwa na miaka sitini na moja ya maneno ya kumwambia kaka yangu. Lakini ilikuwa saa ya kusafisha macho.

"Njoo umshike kichwa," nikasema.

Alikuja akamshika. Mikono yake ni mikubwa, imepasuka. Nilipoanza kutoa magamba, Pasti akasaga meno, ile sauti ya sungura mwenye maumivu, kama mchanga kwenye gia. Denzil alifumba macho mpaka nilipomaliza.

Siku ya kumi Pasti alikula jani la giligilani. Sikumlazimisha, nililiweka karibu na mdomo, likatoweka taratibu, shina likiwa la mwisho. Nikampigia simu Daktari Wijeratne nikilia kwa furaha. Akasema, "Vizuri, mama Avis," na sauti yake haikuwa na furaha yoyote ndani yake. Mimi nikajifanya sikuisikia. Nilikwenda kwenye mashine kumwambia Denzil, nikitembea kwenye mabua kama msichana.

Asubuhi iliyofuata pua zote mbili zilikuwa zimeziba. Sungura hajui kupumua kwa mdomo. Akifanya hivyo, amefika mwisho. Pasti alikuwa ameinua kichwa juu, mdomo wazi, kila pumzi inamtikisa mwili mzima. Nilipiga simu. Daktari alikuwa mbali, kwenye ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, angerudi Kadina alasiri.

Alasiri ilikuwa mbali mno. Nilimkuta Denzil uwanjani anajaza madumu ya mafuta ya mashine.

"Ulisema hatasikia kitu."

Alinielewa. Alifuta mikono yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akachukua bunduki, akampokea Pasti kwenye taulo, akaelekea nyuma ya ghala. Nilisimama jikoni nimeziba masikio. Nikazibua. Nikaziba tena. Hakukuwa na mlio.

Nilipokwenda kuangalia, bunduki ilikuwa imeegemezwa ukutani. Denzil amekaa chini, miguu imenyooka kama mtoto, Pasti yumo ndani ya shati lake.

"Siwezi," akasema.

"Denzil, umeua maelfu."

"Ananusa kidole changu."

"Hanusi. Pua imeziba."

"Basi anakigusa. Avis, siwezi, nisamehe, siwezi."

Na mimi pia sikuweza. Watoto wawili wa baba yetu, mmoja miaka sitini na sita, na kati yetu hakuwepo wa kumfanyia mnyama mmoja huruma ya sekunde moja. Tuliingia kwenye gari. Denzil aliacha mashine katikati ya shamba, na mawingu meusi yalikuwa yanapanda kutoka baharini.

Tulisubiri nje ya zahanati ya wanyama kwa muda wa saa mbili na dakika kumi. Ninajua kwa sababu nilihesabu pumzi kwa saa ya garini. Daktari alifika na damu ya ng'ombe kwenye buti, hakunawa kwanza wala hakuuliza. Alimdunga sindano pale pale, kwenye kiti cha nyuma, Pasti akiwa juu ya mapaja ya Denzil. Kile kichwa kilishuka. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko nilivyotegemea, maana kwa siku kumi na moja nilikuwa sijasikia kitu kingine ila ile pumzi.

Nilimfuata daktari hadi kwenye bomba la maji.

"Siku hizi zote," nikamuuliza, "zilikuwa zake au zangu?"

Aliendelea kunawa. Alinawa hadi kwenye viwiko. Kisha akanikumbatia na mikono yake iliyolowa, na hilo ndilo jibu nililopata.

Mvua ilitukuta njiani. Ilinyesha siku tatu. Shayiri iliyokuwa bado shambani ililala, ikageuka nyeusi, ikauzwa kuwa chakula cha nguruwe. Denzil hakuitaja hata mara moja. Pasti tulimzika kwa kina, tukamwagia chokaa, kwa jinsi tulivyoelekezwa; Denzil ndiye aliyechimba, mvua ikimchapa mgongoni, na alipomaliza shimo aliendelea kuchimba.

Wiki iliyofuata, tukiwa mezani, alisema bila kuinua kichwa, "Ukitaka kurudi Adelaide nitaelewa."

"Nirudi wapi? Ile nyumba ilikuwa ya kupanga."

"Basi utafutiwe mwingine. Kuna mama mmoja Wallaroo anafuga."

"Na mwakani?"

Mbu walikuwa wamejaa kwenye wavu wa dirisha. Akanisogezea siagi.

Ningesema watu huniuliza kama nimemsamehe, lakini huku hakuna anayemuuliza mtu habari za sungura. Sijamsamehe. Najua hakukusudia, najua aliyokulia ndiyo niliyokulia, na makofi yale ya Krismasi nami niliyapiga. Sijamsamehe hata hivyo, na kwa lile neno nililosema dukani sijajisamehe. Tunaishi. Asubuhi ananichemshia chai kabla sijaamka, anaiweka mlangoni, anaondoka bila kugonga. Mara nyingi ninaikuta imeshapoa.