Taa Iliyokuwa Ikiita Bure

...wala si waya, waya hauna kosa, ameupima kwa kile kidude chake cha kazini na taa za kidude zikawaka zote, moja baada ya nyingine, wala si ruta, ingawa ruta nayo ni ajuza, radi ya msimu uliopita iliua matundu yake yote isipokuwa hili moja, na hili lenyewe limelegea, usipoikandamiza plagi kwa kidole gumba inachomoka kama jino la mtoto, ndiyo maana yuko hapa chini ya meza, magoti kwenye sakafu, kichwa kimeinama kisigonge mbao, gumba limekandamiza, macho kwenye kitaa cha ruta ambacho kingepaswa kuwaka kijani na hakiwaki, kimenuna tu, na mbele ya pua yake ni miguu ya mama, viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vikang'aa, vile vya siku za mahafali, vimetulia pamoja wala havitikisiki, maana mama hana wasiwasi hata chembe, binti yake ni fundi mitandao, jengo zima la maofisi linamtegemea, wakubwa wa ghorofa za juu humpigia simu kwa sauti za watoto waliopotea sokoni, na hakuna tundu la waya lililowahi kumshinda, hakuna... na leo, siku zote zilizopita zisiwe ila leo, tundu la laptopu ya mama yake mwenyewe limekufa, na watu wa bodi ya shule wako karibu kuketi mbele ya skrini yao huko waliko ili wamhoji mama, wamuulize kwa nini mwalimu kiziwi apewe kuongoza shule ya watoto viziwi, swali gani hilo, shule imeongozwa na wanaosikia tangu ijengwe na hakuna aliyewahi kuwauliza hao kwa nini... “We mwanangu, bado tu?” hiyo ni sauti ya mama mdogo mlangoni, mdogo wake mama, yeye anasikia, na anaongea kwa niaba ya ukoo mzima, “Si mtumie simu jamani, simu si ina kamera?” simu, ndiyo, simu, juzi walijaribu kwa simu na picha ikaganda mkono wa mama ukiwa hewani, umenyooka kama mtu anayekula kiapo, na yule rafiki yake wa upande wa pili akaelewa kwamba mama anaacha kazi, akaanza kulia, mtu anayesema kwa mdomo sauti ikikatika utamwambia rudia, lakini anayesema kwa mikono ukimkata katikati umempa maneno ambayo hakuyasema, na mitandao ya hewani humu ndani haina adabu, kuta nene, inakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, ni waya tu, waya au basi, “Simu hapana, mama mdogo!” akajibu kutoka chini ya meza, “Haya, mimi nimenyamaza,” akasema mama mdogo, na hakunyamaza, akaanza kusimulia habari za jirani yake aliyenunua laptopu mpya isiyo na matatizo...

Mpya! Hii hapa ndiyo iliyokuwa itupwe, watu wa shule walisema imezeeka, inachukua nusu ya asubuhi kuamka, na ni yeye aliyeichukua mikononi, akaifuta yote, akaiwekea mfumo wa Linux, akairudisha kwa mama ikiwa nyepesi kama binti wa miaka kumi na sita, na mama akaitembeza shule nzima akiwaonyesha walimu wenzake, kwanza anaonyesha laptopu, kisha anaonyesha jina la binti yake kwa lugha ya alama, vidole viwili kidevuni, vikigonga, maana alipokuwa mdogo alikuwa na kishimo hapo na hakukaa kimya, vidole viwili kidevuni, huyu, huyu ndiye aliyefanya, na yeye akisimama kando akijifanya haoni, kichwa kimevimba hadi mlango haumtoshi, lo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na leo ndiyo siku ya kuonekana kama tembo lina maji au halina. Akaiacha plagi ichomoke, akatambaa akatoka, akapiga magoti mbele ya laptopu ubavuni pa mama, harufu ya sabuni na chaki, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaiamuru mashine itaje milango yake ya mtandao, ikataja ule wa hewani, wa waya haikuutaja, haukuwa umezimwa, haukuwa umelala, haukuwepo, kama vile hakuna aliyewahi kuzaliwa kwa jina hilo, basi tundu limeungua, radi hiyo hiyo, akatafuta tena, safari hii akaiuliza mashine vifaa vyote ilivyonavyo tumboni, vilivyochomekwa kwenye ubao wake, na hiyo hapo, kadi ya waya, imo, nzima, jina lake limeandikwa hadi toleo, aisee mzima wewe, mzima na hujaungua, ila pale chini ya jina ambapo huandikwa dereva anayeihudumia, hapakuwa na kitu... Hapa fundi wetu akatabasamu peke yake, maana hiki anakijua, hiki anakijua kuliko mtu yeyote katika jengo lote la maofisi, dereva ni nini kama si mkalimani, kadi ina lugha yake na mashine ina lugha yake, na pasipo wa kukaa katikati, kadi itakaa pale nzima, yenye akili zake zote, na mashine itasema hakuna mtu, ndivyo ilivyokuwa benki, hospitali, dukani, watu wanamtazama mama na kusema hakuna mtu, wanainamisha macho kwake yeye, kitoto kisichofika hata kwenye kaunta, mwambie mama yako hivi, muulize mama yako vile, na yeye anayapokea maneno ya watu wazima na kuyageuza mikononi, presha, dhamana, marehemu, maneno makubwa kuliko mikono yenyewe, na hata shuleni kwao, siku ya wazazi, mwalimu wake alipolalamika kwamba binti huyu ni mtoro na ana mdomo, ni yeye aliyekuwa mkalimani wa kesi yake mwenyewe, akamwambia mama kwa mikono, “Mwalimu anasema najitahidi sana,” na mama akamtazama mwalimu usoni, akamtazama yeye, na mikono ya mama ikasema pole pole, “Mwambie mwalimu uso wake hausemi hivyo,” ukoo mzima unaicheka habari hiyo hadi leo...

“Wameingia?” huyo ni mama mdogo, “Bado, mama mdogo, bado,” na mtaa mzima ulimwita Mdomo wa Mama, nenda kamwite Mdomo wa Mama, na alilivaa jina hilo kama nguo ya sikukuu, hakulivua hata alipoota maziwa, hata alipoanza kazi, ndiyo maana limemuuma, asiseme halikumuuma, siku bodi ilipoandika kwamba binti anaweza kuketi karibu na mama ili amkalimanie, na mama akajibu hapana, leteni mkalimani wenu akae kwenu, mimi nitaleta mikono yangu na picha isiyokatika, binti yangu asiwemo chumbani, hivyo hivyo, asiwemo chumbani, na kama si tundu hili lililolegea angekuwa nje uani na kuku, maana ilibidi mama akubali kwamba lazima mtu ashike plagi, akafikiri, akasema, “Chini ya meza, sawa. Ila usichungulie.” Mdomo wa Mama chini ya meza! Amekaa na kinyongo hicho siku zote hizi, na hakukisema, alisema tu ndiyo mama, laptopu itakuwa tayari mama, na sasa dereva ameenda wapi, dereva haondoki mwenyewe, akaiuliza mashine, mashine ikajibu kwa lugha yake kavu kwamba dereva yupo, hana ugonjwa, ila amezuiwa, kuna amri humu ndani inayosema mashine ikiwaka asipande kazini... amezuiwa na nani? Hii si radi hii. Amri hiyo haiandikwi bila nywila ya msimamizi wa mashine, na nywila anayo yeye peke yake, hakuiandika popote, hakumwambia mtu hata ndotoni, basi mwizi, mwanafunzi mtundu, yule fundi wa shule mwenye kiherehere, huyo huyo, ataipata fresh leo, akapiga sakafu kwa kiganja mara mbili, kama wanavyoitana humu ndani, mtetemo ukapanda kwenye kiti, mama akageuka.

“Nani amegusa mashine yako?” akauliza kwa mikono, mikono ya hasira, na mama akasogeza uso karibu na skrini, akasoma, akanyoosha mgongo, na kwa kidole kimoja akajigusa kifua. “Mimi.” Wewe nani? “Mimi,” akarudia, bila aibu wala kona, kisha mikono ikafunguka, kile kitaa cha njano hapo ubavuni kwenye tundu la waya, hata waya usipokuwepo kilikuwa kinakonyeza, kinakaa kimya, kinakonyeza tena, kinatafuta mwenzake, “Nasahihisha madaftari, kinaniita. Nageuka mlangoni, hakuna mtu. Nasahihisha, kinaniita. Nageuka, hakuna mtu. Nikasema nitapata wazimu,” na binti akageuka naye bila kutaka kuitazama swichi ya mlangoni, kwa sababu nyumba hii haipigwi hodi, nyumba hii unazima taa na kuwasha, zima washa, ndiyo kuita, yeye mwenyewe tangu anatambaa anajua kwamba mwanga ukicheza kuna mtu anakutaka, na taa iliyocheza bila mtu ni uongo, ni kama mtu anayekuita jina lako barabarani kisha anaficha uso, sasa mtu mwingine angefanya nini, angebandika plasta juu ya kitaa, amalize. “Kwa nini hukubandika plasta?” “Plasta ni ya vidonda,” mikono ya mama ikajibu. “Nilisoma. Nikaona taa inawashwa na dereva, na siku hizo waya sikuutumia. Nikamsimamisha dereva.” Nikamsimamisha dereva, anasema! Kwa mikono miwili, kama mtu aliyesimamisha mchemko wa chai. Na nywila? Mama akacheka, cheko lake lile lisilojua lina sauti kubwa kiasi gani, mama mdogo akaja mbio mlangoni, “Kuna nini? Imepona?” “Maisha yangu yote nasoma mikono,” mama akasema, “watoto wadogo wanaokoroga herufi nawasoma. Wewe umeketi hapa mbele yangu unaandika hiyo nywila miaka na miaka, nisiisome?”

Kikulacho ki nguoni mwako... na mtu anayesoma hilo angedhani binti alikasirika, au alitahayari, fundi mzima wa jengo zima kuibiwa nywila na mama yake kwa macho tu, hakukasirika, kilichompanda kutoka tumboni hadi machoni kilikuwa fahari, fahari ya kutaka kutoka nje na kusimamisha wapita njia, jamani njooni muone, mama yangu amemsimamisha dereva, alisoma peke yake, akaingia hadi chini kabisa ya mashine ambako vijana wenye vyeti ofisini kwangu wanaogopa kuweka mguu, akafanya alichotaka, akatoka, akaendelea kusahihisha, hakumwita mtu, hakumwita Mdomo, na kile kinyongo cha siku zote akakitafuta akakikosa, maana sasa aliliona lile hapana la mama kwa upande wake wa pili, mama hakumfukuza chumbani, mama hakuwa na tundu lililokufa, hakuwahi kuwa nalo, ni watu wa kaunta waliosema hakuna mtu, na yeye naye, kitoto kile kilichopenda kuitwa, alikuwa ameanza kuwaamini kidogo, kidogo tu, kwamba bila yeye... Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya herufi, amri anaijua hata usingizini, akaviondoa. “Uliyemsimamisha mwite mwenyewe,” akasema, na mama akavuta laptopu, akauchagua ule mstari wa amri yake mwenyewe akaufuta, akamwita dereva, herufi kwa herufi, nywila ya binti yake ikatiririka bila kusita, na ubavuni kile kitaa cha njano kikakonyeza, na mama, mazoea yana taabu, akageuka upesi kuitazama swichi ya mlangoni, akamkuta mama mdogo amesimama na mdomo wazi, akajishtukia, akacheka tena. “Leo nimeitwa kweli,” akasema, akanyoosha kola, akamwonyesha binti chini ya meza kwa kidole, haraka, haraka, wale wameshaanza kupiga.

Na yuko hapa tena, magoti kwenye sakafu ile ile, kichwa kimeinama kisigonge mbao zile zile, gumba limekandamiza plagi na limeanza kufa ganzi, kitaa cha ruta kijani, kimetulia, viatu vyeusi mbele ya pua yake, na juu ya mbao mama ameanza kusema, anajua kwa sababu bangili inagonga ukingo wa meza, mkono wa nguo unachakarika, unasimama, unachakarika tena, spika zimezimwa, za nini, wenye kuulizana wanaulizana kwa macho na mikono, mlangoni mama mdogo amenyamaza kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, bila shaka anatazama, akiulizwa atasimulia, atataka kusimulia hata asipoombwa, lakini yeye hawezi kuona kitu, ni mbao tu, na miguu, na sasa kiatu cha kulia kinapiga sakafu mara moja, kwa nguvu, hapo mama amefika kwenye jambo analolisisitiza, jambo gani, labda watoto, labda ile habari ya swali lao, na mtetemo unampita magotini unapanda hadi kifuani, usichungulie, alimwambia, na hachungulii, anakandamiza gumba, kitaa kinawaka, maneno ya mama yanapita katika waya chini ya kidole chake yote, bila kukatika, yanakwenda kwa wenyewe, na tangu ajue kusema ni mara ya kwanza hajui mama yake amesema nini, wala hana haja ya kuuliza.